*TAFAKURI YA LEO: Upande Usioonekana*



Kuna saa za mkononi ambazo bei yake ni zaidi ya bei ya nyumba. Mtu atauliza: jamani, si inaonyesha muda uleule wa saa ya elfu kumi? Ni kweli. Magharibi ikiingia, inaingia kwa wote. Kinacholipiwa pale ni kazi ya fundi.

Philippe Dufour, fundi wa Uswisi, alitoa saa iitwayo Simplicity mwaka 2000, na alitengeneza takriban 200 tu. Haina betri. Unaijaza kwa mkono, kamani inakaza, magurudumu yanazunguka, na moyo wake unapiga mara 18,000 kila saa moja. Ncha za magurudumu zinakaa kwenye vijiwe vya rubi, kwa sababu rubi ni ngumu, hailiki haraka. Rubi za saa siku hizi hutengenezwa kiwandani, lakini ni jiwe la aina ileile wanalochimba wenzetu wa mkoa wetu wa Morogoro, kule Mahenge na Matombo. Kisha kingo za vipande husuguliwa kwa mkono mpaka zing'ae.

Sasa sikilizeni hapa. Kwenye saa za daraja hilo, mafundi hupamba hata bamba lililofichwa chini ya uso wa saa. Mwenye saa ataivaa miaka thelathini asilione. Atakayeliona ni fundi mwingine, siku akiifungua kuisafisha.

Yule anafanya hivyo kwa heshima ya kazi yake. Je, sisi tunaojua kuwa Allah anaona?

Saumu yenyewe ni ibada ya upande usioonekana. Ukinywa maji chumbani, nani atajua? Ndiyo maana Allah ameinasibisha na Nafsi Yake, na malipo yake yako Kwake.

Basi tuje kwenye gunia la kitunguu. Juu vikubwa, vikavu, vinapendeza. Katikati je? Mnunuzi atakuja kujua akiwa ameshafika Dar, na wewe huku umefunga! Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono kwenye rundo la chakula, vidole vikakuta unyevu. Mwenyewe akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka juu watu wauone, na akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Maneno mazito hayo.

Kabla ya futari leo, kila mtu aikague kazi yake kwa ndani. Fundi cherehani, mshono wa ndani. Fundi ujenzi, tofali lililofunikwa na plasta. Mwenye duka, mizani yake. Na kama kuna gunia limeshashonwa na unajua kilichomo, lifumue ulipange upya. Debe moja likipungua, riziki haipungui.

Ee Allah, tengeneza siri zetu ziwe bora kuliko dhahiri zetu, na utukubalie saumu zetu. Aamiin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenzako.