Bado Mapema, Mpaka Lini?

Tarehe 13 Agosti 2022 nilikuwa nimekaa benchi ya mbele kwenye kibanda kimoja cha mpira hapa Base Camp, Nakivale. Nilikuwa nimelipa shilingi 1,000 nione Manchester United ikicheza na Brentford. Kufika dakika ya 35 tulikuwa tumeshafungwa mabao manne. Watu wa Arsenal walikuwa wanapiga mabati kwa furaha. Mzee mmoja, shabiki wa United tangu enzi za Ferguson, alisimama, akavaa kofia yake, akasema, "Miye naenda kulala." Hata mapumziko hayakuwa yamefika.

Wiki moja kabla ya hapo Brighton walikuwa wametupiga 2-1 nyumbani kwetu Old Trafford. Mechi mbili, pointi sifuri, timu ya mwisho kabisa kwenye msimamo wa ligi. Kijana aliyekaa pembeni yangu akasema maneno ambayo kila shabiki anayajua: "Tutulie, ndugu zangu. Bado mapema."

Nataka kuandika juu ya maneno hayo mawili. Najua kuna watakaosema: mtu wa kambini ana shida ngapi, na huyu anatuletea habari za timu ya Uingereza? Nawaomba subira kidogo. Hapa Nakivale maneno "bado mapema" hatuyasemi kwenye mpira peke yake.

Siku hizohizo shule zilikuwa zinafunga muhula wa pili, na mpwa wangu alileta ripoti yake. Huyu mtoto wa dada yangu alifika hapa mwaka 2019 kutoka Kivu Kusini akiwa na miaka 13. Kule alikuwa mwaka wa tano wa msingi, anasoma kwa Kifaransa. Huku akawekwa P3, kwa sababu Kiingereza alikuwa hajui. Kabla hajazoea, Korona ikaja. Shule za Uganda zikafungwa Machi 2020, na kwa madarasa kama lake hazikutulia tena mpaka tarehe 10 Januari 2022. Aliporudi alikuwa na miaka 16, anakaa dawati moja na watoto wa miaka kumi, magoti hayaingii chini ya meza. Kwenye ripoti alikuwa wa tano kutoka mwisho.

Akaniambia anataka kuacha. Mimi, bila kufikiri, nikamjibu kama yule kijana wa kibandani: "Usikate tamaa, mwanangu. Bado mapema."

Akaniangalia. Akauliza kwa upole tu, bila kunikosea heshima: "Mjomba, mapema mpaka lini?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilijiuliza: nani amenipa mimi haki ya kusema "bado mapema"?

Wahenga hawatusaidii sana hapa, maana wamesema yote mawili. Wamesema subira yavuta heri. Na haohao wamesema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtu anayetaka usubiri atakupa methali ya kwanza, na aliyechoka kusubiri atakupa ya pili. Kila mmoja ana ushahidi wake.

Mpira nao una ushahidi wa pande zote mbili. Ile United ya Agosti 2022, iliyokuwa ya mwisho, ilimaliza msimu ikiwa ya tatu, na Februari 2023 ikachukua Kombe la Ligi kwa kuifunga Newcastle 2-0. Kwa hiyo yule kijana alisema kweli. Ilikuwa bado mapema, na mzee wa kofia alikwenda kulala bure.

Lakini angalia miaka miwili baadaye. Kocha ni yuleyule, Erik ten Hag. Septemba 2024 tunafungwa 3-0 na Liverpool nyumbani, halafu mwisho wa mwezi tunafungwa 3-0 na Tottenham, nyumbani tena. Kibandani tukaambiana: mnakumbuka 2022? Bado mapema. Tarehe 28 Oktoba kocha akafukuzwa, timu ikiwa ya 14. Akaja Ruben Amorim, na sisi tukaanza kuhesabu upya: huyu ndiyo kwanza ameingia, bado mapema. Tulimaliza msimu tukiwa wa 15, na tarehe 21 Mei 2025 tukapoteza fainali ya Europa mbele ya Tottenham kule Bilbao. Maneno yaliyokuwa kweli mwaka 2022 yalikuwa uongo mwaka 2024, na siku tulipoyasema hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuona tofauti.

Kuhukumu haraka nako kuna hatari yake. Nina jirani ambaye, baada ya zile mechi mbili za 2022, aliona mambo yameisha. Liverpool ilikuwa inakuja Old Trafford tarehe 22 Agosti. Akasema, "Hii pesa ni ya kuokota tu." Akachukua pesa ya chakula ya mwezi ule, ambayo familia ilikuwa imepokea siku chache kabla, akaenda kubeti kwamba United watafungwa. United wakashinda 2-1. Sisi tukashangilia mpaka sauti zikakauka. Yeye akakaa kimya na tiketi yake mkononi. Mke wake alikopa unga kwa majirani mpaka mwezi ukaisha, na sahani za watoto zikapungua.

Na kuna wanaowahi kufurahi. Januari 2023 Arsenal waliifunga United 3-2, wakawa wanaongoza ligi. Kesho yake mashabiki wao huko Jinja wakatoka barabarani na kombe la kuigiza, wakishangilia kama vile ligi imekwisha. Polisi wakawakamata kwa kuandamana bila kibali. Arsenal wenyewe walimaliza wa pili nyuma ya Manchester City. Tuliwacheka sana. Lakini nikifikiri vizuri, wale wa Jinja hawakumdhulumu mtu. Walifurahi mapema, na fedheha ikawa yao wenyewe. Jirani yangu alihukumu mapema, na waliolala njaa ni watoto.

Hapo ndipo nilipoanza kuona njia. Nilikuwa nauliza swali baya. Nilikuwa nauliza: je, ni mapema au tumechelewa? Hilo hakuna anayelijua Agosti. Kocha hajui, mwenye timu hajui, na fundi wa kubeti anajidai tu kwamba anajua. Swali ambalo mtu anaweza kulijibu ni lingine, na limo ndani ya ile methali ya pili. Ngoja ngoja huumiza matumbo, sawa. Lakini huumiza tumbo la nani?

Mimi nikisema United bado mapema, anayeumia ni mimi. Ni shilingi 1,000 yangu na Jumamosi yangu. Hapo nina haki ya kusubiri hata miaka 20, na mke wangu ana haki ya kunicheka. Lakini nikimwambia mpwa wangu "bado mapema", anayekaa kwenye lile dawati ni yeye. Anayeitwa "mzee" na watoto wadogo ni yeye. Miaka inayokwenda ni ya kwake. Nilikuwa najifanya mwenye subira kwa kutumia muda wa mtoto wa watu.

Subira ya mtu kwa mambo yake mwenyewe naiita subira. Subira unayomwekea mwenzako, huku wewe hupungukiwi kitu, bado nautafutia jina.

Sasa nazungumza na nyie mnaotuhudumia, maana najua gazeti hili mnalisoma. Nakivale ilianza mwaka 1958 kupokea Wanyarwanda. Kuna walioambiwa hapa ni pa kupita tu, wakazaa, wakawa na wajukuu, na wengi wao walirudi kwao mwaka 1994 na baada ya hapo. Sisi Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengine tumekuja nyuma yao, na tumekuta maneno yaleyale yakitungojea: vumilieni, faili linashughulikiwa, jina bado halijatoka, rudi wiki ijayo. Mwaka 2023 WFP ilipotugawa katika makundi matatu kwa sababu pesa ya wafadhili imepungua, na kundi la tatu likabaki bila kitu, kila mtu alikuwa na maswali, na jibu la haraka lilikuwa lilelile: subirini kidogo.

Siwatuhumu. Mfanyakazi aliyekaa mezani hakupunguza yeye pesa ya dunia, na mara nyingi hata yeye hajui mkataba wake unaisha lini. Lakini mtu akikuambia "subiri", halafu jioni anapanda gari kurudi Mbarara, na wewe unarudi kwenye hema, maneno hayana uzito sawa kwenye midomo miwili. Hata kocha wa mpira anapewa tarehe. Anaambiwa: tukifika Krismasi bila pointi kadhaa, utaondoka. Sisi tunaombwa subira isiyo na tarehe.

Kwa hiyo naona mtu anayetaka kusema "bado mapema" juu ya maisha ya mwingine anadaiwa vitu viwili. Kwanza aseme mpaka lini. Na kama tarehe haipo, aseme wazi kwamba haipo, ili mwenzake apange maisha yake kwa kujua hivyo. Pili, abebe sehemu ya gharama ya kusubiri, hata kama ni ndogo. Asiyeweza kufanya hata kimoja, naona ni heri anyamaze na kusikiliza.

Kuna atakayenipinga: mzazi akifanya hivyo kwa kila jambo, mtoto gani atamaliza shule? Watoto hupenda kuacha kila kitu kigumu, na kazi ya mkubwa ni kuwashikilia. Nakubali. Sikusema mtoto aachwe afanye atakavyo. Nasema anayemshikilia mtoto naye ashike upande mmoja wa mzigo.

Basi nilirudi kwa mpwa wangu. Nikamwambia, "Nilikosea kukujibu vile. Tufanye mihula miwili. Jumatatu mpaka Alhamisi, kila jioni tunakaa pamoja na vitabu. Mihula miwili ikiisha, utaamua wewe, na mimi sitagomba." Akakubali. Ile shilingi 1,000 ya kibanda ikawa ya kuchaji taa. Mwaka ule United walikuwa Europa, wanacheza Alhamisi, na zile mechi zilizoanza mapema jioni nilizisikia kwa kelele tu kutoka upande wa pili wa barabara. Mimi Kiingereza changu si kizuri, kwa hiyo tulikuwa wanafunzi wawili. Mara nyingine yeye ndiye alinisahihisha.

Mihula miwili ilipoisha alikuwa katikati ya darasa. Nilidhani nimeshinda. Nikaanza hata kumtaja P7 na sekondari. Yeye akasema, "Mjomba, nimejaribu kama tulivyosema. Kiingereza sasa nimepata. Nataka kujifunza ufundi." Niliumia, siwezi kuficha. Maneno yalinifika mpaka ulimini: bado mapema, ongeza mwaka mmoja. Nikayameza, kwa sababu tulikuwa tumepatana.

Leo yuko Mbarara, kwenye gereji ya bodaboda. Bado ni msaidizi wa fundi, mshahara mdogo, mikono myeusi kwa oili. Sijui kama aliamua vizuri. Pengine baada ya miaka kumi atanilaumu kwamba sikumlazimisha. Najua tu kwamba miaka hiyo aliitumia mwenyewe.

Mwisho wa Agosti 2025 nilikwenda kumtembelea, tukaangalia mpira pamoja usiku. United ilicheza na Grimsby, timu ya daraja la nne. Tukatoka 2-2, tukaenda kwenye penati, tukatolewa 12-11. Kibanda kizima kilikuwa kinacheka, na wenzangu wa United walikuwa wameshika vichwa. Mpwa wangu, ambaye kwa bahati mbaya ni mtu wa Arsenal, aliniinamia sikioni.

"Mjomba, bado mapema?"

"Bado," nikamwambia.

"Mpaka lini?"

"Mpaka Krismasi. Na leo nakulipia mimi."

Akacheka, akaniachia nilipe.