Kapasita Mpya, Amplifaya Ile Ile?

Betri ya gari hutoa volti 12 tu. Zikipelekwa moja kwa moja kwenye spika ya omu 4, hata saketi iwe imepangwa kwa ustadi gani, haziwezi kuzaa zaidi ya wati 18 hivi za muziki safi. Kikwazo hicho ndicho kilichowafanya wahandisi watie ndani ya amplifaya ya gari mtambo mwingine mdogo: transista zinazowasha na kuzima umeme wa betri maelfu ya mara kwa sekunde, transfoma ya duara inayoupandisha, na kapasita zinazoutuliza kabla haujafika kwenye transista za sauti. Jim Fosgate, aliyeanzisha kampuni yake huko Arizona, Marekani, mwaka 1973, alikuwa miongoni mwa watangulizi wa kazi hiyo. Amplifaya ya Punch 45 ya Rockford Fosgate, iliyotoka katika miaka ya 1980, inatafutwa hadi leo na wapenzi wa muziki wa garini.

Nyingi zinazopatikana ni wagonjwa.

Ugonjwa huanzia kwenye kapasita. Ndani yake mna majimaji ya kemikali ambayo miaka ikipita hukauka, au huvuja na kula shaba ya bodi, na fundi akiyagusa kwa chuma cha kulehemu hutoa uvundo wa samaki. Wahandisi wana kanuni yao: kila joto linapopanda nyuzi 10 za Selsiasi, umri wa kapasita hupungua kwa nusu. Kapasita iliyopimwa kudumu saa 2,000 katika nyuzi 105 inaweza kufikisha saa 32,000 katika nyuzi 65. Amplifaya iliyofungwa kwenye buti la gari, juani, haina bahati hiyo.

Basi fundi anafungua. Anang'oa kapasita zote, anasafisha bodi kwa spiriti, anarudishia njia za shaba zilizolika. Transista zilizoungua anazitoa; karatasi za mika zilizo chini yake na pesti kavu ya kupitishia joto anaziondoa na kuweka mpya. Kisha, kwa subira kubwa, anapima upya ule mkondo mdogo unaopita katika transista za sauti hata muziki ukiwa kimya, kwani ukizidi zitaungua tena, na ukipungua sauti itakwaruza. Siku ya makabidhiano, mwenye mali anapokea ganda lile lile la alumini, transfoma ile ile, na bodi ile ile iliyojaa vitu ambavyo havikuwepo mwaka ilipoundwa.

Je, amerudishiwa kitu chake?

Swali hili lina umri mkubwa kuliko umeme. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, anasimulia kwamba Waathene waliitunza merikebu ya shujaa wao Theseus kwa kubadilisha kila ubao uliooza, mpaka wanafalsafa wakagawanyika: wengine wakisema ni ile ile, wengine wakikana. Watu wa pwani wanaijua hali hiyo kwa macho yao. Jahazi hupandishwa ufukweni, likatolewa mbao mbovu na mataruma yaliyolika, likatiwa kalafati mpya na kurudi majini kwa jina lake la zamani, wala hakuna nahodha anayelilia jina jipya.

Mwaka 1655 Thomas Hobbes alilikaza fundo. Alisema: tuseme kuna mtu aliyeziokota zile mbao kuukuu, akaziunga upya kwa mpangilio wake wa kwanza. Sasa merikebu ni mbili. Ipi ni ya Theseus? Kwa mafundi wa amplifaya hilo si jambo la kubuni. Mara nyingi hununuliwa amplifaya mbili zilizokufa za aina moja ili ipatikane moja nzima: ganda la hii, bodi ya ile, transista za sauti kutoka kote kuwili. Namba ya utambulisho imebaki kwenye ganda, ilhali kinachopiga muziki ni bodi.

Wanadini nao wamelisumbukia swali hili, tena kwa uzito zaidi, kwa kuwa kwao linahusu mwili wa mwanadamu siku ya kufufuliwa. Augustino wa Hippo, katika kitabu cha 22 cha Mji wa Mungu, anajadili hata kucha na nywele zilizokatwa. Anauliza pia habari za mtu aliyeliwa na mwenzake wakati wa njaa: nyama ile itafufuka na nani? Jibu lake ni kwamba itarudi kwa yule wa kwanza, na aliyeila atahesabiwa kuwa aliiazima. Imamu Ghazali, katika Tahafut al-Falasifa aliyoikamilisha mwaka 1095, anapita njia nyingine. Anawakumbusha wanafalsafa kwamba viungo vya mtu hubadilika tangu utotoni hadi uzeeni, hukonda na kunenepa, chakula kikachukua nafasi ya chakula, naye akabaki kuwa mtu yule yule. Utu wake, asema, uko katika nafsi. Mwenyezi Mungu akiirudisha nafsi hiyo katika mwili, uwe wa udongo ule au mwingine, huyo ndiye.

Hoja ya Ghazali ina nguvu kwa mwanadamu. Kwa chombo inapwaya, maana chombo hakina nafsi ya kukishikilia kinapobadilika. Wako wanaosema kwamba mchoro wa saketi ndio unaoshika nafasi hiyo: maadamu mpangilio wa Fosgate umefuatwa, amplifaya ni yake. Lakini hilo likikubaliwa, basi mtu yeyote atakayeunda bodi mpya leo kwa mchoro ule ule atakuwa na haki ya kuiita Punch 45 ya zamani. Hakuna mnunuzi mwenye akili atakayelipa kwa hesabu hiyo, na yuko sahihi.

Kinachokosekana ni historia. Amplifaya iliyotengenezwa inabaki yenyewe kwa sababu badiliko limeifikia kidogo kidogo, ikiwa bado ni kitu kimoja chenye kazi moja, na kila kipuri kipya kimekuja kukitumikia kilichokuwepo. Ndiyo maana ile iliyoungwa kwa vipande vya mbili ina kesi ngumu, na hapo jibu la Augustino linasaidia: bodi ndiyo iliyobeba kazi, basi ganda na vipuri vya jirani vihesabiwe kuwa vimeazimwa, na namba ya ganda isitumike kuisemea bodi.

Hapo ndipo swali la falsafa linapogeuka kuwa la uaminifu. Katika redio za kale kuna mafundi wanaokwangua kapasita nzee, wakatumbukiza kapasita mpya ndani ya gamba lake, ili jicho lisione tofauti. Kwa kazi ya makumbusho ni ustadi wa kusifiwa, mradi imesemwa. Ikifichwa kwa mnunuzi ni udanganyifu. Baya zaidi ni transista bandia. Nyingi za zamani hazitengenezwi tena, hivyo wajanja huchukua za bei nafuu, wakafuta maandishi na kuchapa jina la ile inayotafutwa. Huo ni uongo uliolehemiwa ndani ya kitu kinachodaiwa kuwa halisi.

Huko Ise, Japani, hekalu kuu hujengwa upya takriban kila miaka 20, mara ya mwisho ikiwa 2013, na waumini hawaoni kwamba wamepoteza chochote. Hawamdanganyi mtu: kila anayefika anajua mbao ni mpya. Mwaka 1994, mjini Nara, wataalamu wa urithi walikubaliana kwamba uhalisi haupimwi kwa malighafi peke yake. Mapokeo, ufundi na matumizi pia huhesabiwa.

Kwa hiyo fundi anayeipokea amplifaya ya zamani aandike orodha ya kila alichobadilisha, pamoja na tarehe. Vipuri alivyovitoa avitie mfukoni na kumkabidhi mwenyewe, hata kama vimekufa. Naye mwenye mali, siku akiiuza, aitoe orodha hiyo pamoja na amplifaya kabla ya kutaja bei.