Asiyejua Alikotoka

Liko swali ambalo waandishi wa hadithi za kisayansi wamelirudia mara nyingi, nalo linatuhusu hata sisi wa Geita: je, mtu asiyejua asili yake ni mtu pungufu?

Mwaka 1996 huko Uskoti alizaliwa kondoo aliyeitwa Dolly, ambaye hakuwa na baba. Wataalamu walimpata kwa kutumia chembe iliyotoka katika kiwele cha kondoo mzima, naye akawa nakala yake. Shambani kwetu jambo hili si geni, maana akataye shina la muhogo na kulichomeka ardhini huvuna muhogo ule ule. Lakini watu wengi walishtuka, wakajiuliza itakuwaje siku akinakiliwa binadamu.

Mwandishi Kazuo Ishiguro, mzaliwa wa Japani aliyekulia Uingereza, alilishika swali hilo katika riwaya yake Never Let Me Go ya mwaka 2005. Humo wamo vijana walionakiliwa ili viungo vyao vitolewe kuwaponya wengine. Hawajui walinakiliwa kutoka kwa nani. Mmoja wao, Ruth, anasikia kwamba katika mji fulani yuko mwanamke anayefanana naye. Anasafiri na wenzake, wanamfuata yule mwanamke, na wanapomkaribia wanaona kumbe hafanani naye. Ruth anasema kwa uchungu kwamba watu wa namna yao bila shaka walitokana na walevi na wahalifu. Asili yake inabaki gizani mpaka mwisho.

Ruth hakukosa kwa kutafuta. Kila mtu hutamani kujua alikotoka, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 katika nchi yetu inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake. Alikosa alipodhani kwamba asili ndiyo itakayompimia thamani yake. Mapacha wa kufanana hutoka katika yai moja, lakini kasisi akiletewa hao hubatiza watu wawili. Tena Melkizedeki, ambaye Maandiko hayamtajii baba wala mama, ndiye aliyembariki Ibrahimu.

Kosa kubwa zaidi ni la wale waliowazunguka vijana hao. Walivihitaji viungo vyao, kwa hiyo iliwafaa kuamini kwamba hawa si watu kamili, wala hawana mwenyewe.

Hapo hadithi inatufikia nyumbani. Katika machimbo yetu watu huja kutoka kila upande, na rashi ikihamia kwingine, wengine huondoka na kuacha watoto nyuma. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu Tanzania, Geita ikiwamo. Ilieleza jinsi wanavyoingia mashimoni, wanavyoponda mawe na kushika zebaki, na kwamba yatima ni wepesi zaidi kuangukia humo. Mtoto mwenye baba anayejulikana hutetewa. Asiye na mtu hubebeshwa kiroba cha mawe, nasi hupita tukiuliza tu, "Huyu ni wa nani?"

Swali hilo ni jema likiulizwa ili mtoto arudishwe kwao, au apatiwe kwao. Ni baya likiulizwa ili tujue kama tunaweza kumdharau bila kuulizwa. Siku hizi maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali yaweza kupima vinasaba na kusema kama mtu fulani ndiye baba. Hakuna maabara inayopima kama mtoto astahili kulala ameshiba.

Basi, ndugu, tukikutana na mtoto asiyejua alikotoka, tumwulize kwanza jina lake, kisha kama amekula, na kama anakwenda shule. Habari za ukoo zitafuata, na zikijulikana, tusimfiche.