Nani Amehesabiwa?

Kutengeneza ripoti ya matangazo ya podikasti ni kazi ya kuchagua. Unachagua safu, unaweka vichujio, programu inakujibu kwa tarakimu. Kwa mwongozo wa IAB, chombo cha Marekani cha matangazo ya mtandaoni, kipindi huhesabiwa kimepakuliwa ikiwa sauti ya angalau sekunde 60 imefika kwenye kifaa. Kikiombwa tena ndani ya saa 24 kutoka anwani ileile ya intaneti na programu ileile, hakihesabiwi mara ya pili.

Hapa Chapwa kanuni hiyo hainitoshi. Simu moja juu ya meza ya mama lishe husikilizwa na madereva watano wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Nakonde. Ripoti inaona mmoja. Mwenye laini ya Zambia, hata akiwa Tunduma, anaweza kuandikwa yuko Zambia. Nikichuja "Tanzania", ametoweka.

Mashine haijasema uongo. Imehesabu vifaa, sisi ndio tunaoandika juu ya safu neno "watu". Na fedha hufuata neno hilo: kipindi kinachoonekana hakina wasikilizaji hukosa mdhamini, kisha hunyamaza.

Je, dawa ni kuwafuatilia watu zaidi? Sidhani. Dereva hana deni la kumpa muuza sabuni jina lake na safari zake. Ndiyo maana tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mwenye deni ni mtengeneza ripoti: aandike "vifaa" alipohesabu vifaa, na aseme alichokichuja. Asiyeonekana kwenye jedwali asichukuliwe kuwa hayupo.