Saa ya Kusoma ni ya Nani?

Anayeonekana na kitabu mchana kweupe mjini Kasongo huhesabiwa kuwa mmoja wa watu wawili: ama yuko kazini, ama hana kazi. Mwalimu mbele ya ubao, katekista na Biblia yake, shehe na msahafu wake, muuguzi na daftari la wagonjwa, hao wote wako kazini. Lakini mtu mzima aliyeketi barazani saa tatu asubuhi na riwaya iliyotoka jalada, mpunga ukiwa bado shambani, jirani humpita akimsalimu kwa sauti yenye swali ndani yake. Swali hilo si la ujinga. Ni lile ambalo sisi wapenda vitabu hatupendi kuulizwa: hiyo saa unayosomea umeipata wapi?

Jibu la haraka ni kwamba saa ni yangu. Nimemaliza kazi, nimekula, sasa nasoma. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliipa fikra hii heshima kubwa. Kwake yeye nafasi, yaani wakati usiodaiwa na shughuli yoyote, ndiyo shabaha ya shughuli zote. Twahangaika ili tuipate, na ndani yake ndimo mtu hufikiri na kujijenga. Hoja nzuri, ila katika kitabu hichohicho cha siasa alichofundishia haya, Aristotle aliutetea utumwa, na mambo hayo mawili hayakukutana kwa bahati. Alijua kwamba ili mmoja awe na nafasi, sharti mwingine asage unga, wala hakuona haya kulisema. Sisi tuliokuja baadaye tumeipokea nusu ya kwanza ya hoja yake, ya pili tukaifunika.

Kusini mwa Maniema, mkoa wa Kongo wenye miji ya Kasongo na Kabambare, nusu hiyo ya pili haifunikiki. Mchukue msomaji mashuhuri kuliko wote waliowahi kukaa Kabambare. David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, aliingia huko, katika mji aliouandika Bambarre, mnamo Septemba 1869. Juni 1870 alitoka kuutafuta mto Lualaba. Watu wake karibu wote walikuwa wamemkatalia, akafuatana na watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Njiani miguu ikafanya vidonda. Akarudi Bambarre tarehe 22 Julai, na kwa siku 80 hakutoka kibandani. Dawa iliyomfaa ilikuwa malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, lililosagwa kwa maji juu ya jiwe jingine na kupakwa kidondani kwa unyoya. Alikaa Bambarre hadi Februari 1871, na shajara yake inasema kwamba alipokuwa Manyema, ndiyo Maniema ya leo, aliisoma Biblia nzima mara nne.

Mpenda vitabu akisikia habari hii moyo humdunda. Kibanda, mvua, kitabu kimoja kinene, na hakuna anayekuita! Twamwonea wivu hata vidonda vyake. Maana anayekisoma kitabu mara ya nne hataki tena kujua kitakachotokea, hayo anayajua. Huanza kuyasikia yaliyonyamaziwa, na kuona mahali alipopita mbio mara tatu za kwanza. Usomaji wa namna hiyo hauwezi kuibwa dakika kumi kumi kati ya shughuli na shughuli. Unataka wakati mrefu uliotulia.

Sasa tumuulize swali la jirani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikaa karibu miezi saba na jembe hakupewa. Aliyemtunza alikuwa Mohamad Bogharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na kwa ushahidi wa Livingstone mwenyewe alimtunza kwa wema. Kwa hiyo adui mkubwa wa biashara ya watumwa alilishwa na biashara hiyohiyo siku alizokuwa akisoma. Nyuma ya sahani yake kulikuwa na mtu aliyelima, mwingine aliyetwanga, mwingine aliyeteka maji, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeulizwa kama yuko radhi.

Kuna zaidi. Katika shajara hiyohiyo Livingstone anaeleza jinsi vidonda vya aina ile vilivyowala watumwa nyama, mishipa, hata mifupa, na kwamba kilio chao ni mojawapo ya sauti za usiku katika kambi ya watumwa. Ugonjwa ni mmoja. Wote wawili wamelazwa, wote wawili hawafanyi kazi, na jua linawahesabia saa zilezile. Mmoja alipata nafasi ya kuimaliza Biblia mara nne. Mwenziwe alipata usiku wa kulia. Kumbe kukaa bila kazi si nafasi. Nafasi huja pale ambapo njaa yako imeshughulikiwa na mwingine, na mwili wako hauna mwenye kuupigia bei asubuhi. Jua hutoa saa, lakini nafasi hutengenezwa na watu, na yeyote anayesoma amepewa kipande cha siku ya mtu mwingine. Kabla hajafungua ukurasa wa kwanza, msomaji ni mdaiwa.

Ikiwa ni hivyo, deni hulipwaje? Wengi watasema hulipwa kwa matunda ya kusoma: msomaji huelimika, huandika, hutoa ushahidi, na jamii hufaidika. Livingstone mwenyewe ndiye mfano wao bora. Kutoka Kabambare alikwenda Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, kaskazini-magharibi mwa Kasongo. Karatasi zilimwishia, akaandika juu ya gazeti la Standard la London la tarehe 24 Novemba 1869, mistari yake ikiikatiza ile iliyochapwa, kwa wino wa rangi ya mmea. Tarehe 15 Julai 1871 aliona watu wa wafanyabiashara Waarabu wakifyatua bunduki katikati ya soko. Waliokuwapo wengi walikuwa wanawake, nao walijitupa mtoni. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Wino ule ulififia hata hausomeki, mpaka watafiti walipoufufua kwa picha za mwanga maalumu mwaka 2011. Lakini habari yenyewe ilifika Uingereza mapema, ikachochea hasira dhidi ya biashara ya watumwa, na mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Hayo ni malipo makubwa, na sitaki kuyapunguza. Ila tuangalie yamemfikia nani. Wanawake waliokuja Nyangwe na samaki na mihogo hawakurudishiwa hata asubuhi moja. Chuma na Susi, waliomtumikia mchana kutwa ili jioni asome, baada ya kifo chake mwaka 1873 waliubeba pamoja na wenzao mwili wake na karatasi zake hadi pwani. Mwaka 1874 walipelekwa Uingereza, wakakaa na Horace Waller wakimfafanulia shajara zilipokuwa zikitayarishwa kuchapwa. Waliitengeneza saa ya msomaji, kisha wakakiokoa kitabu chenyewe. Jina lililo juu ya kitabu ni la Livingstone, na la mhariri ni la Waller.

Kasongo nayo ina kitabu chake. Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana kama Tippu Tip, aliufanya mji huu kuwa makao ya dola yake ya pembe, na mwanawe Sefu akaushika mpaka majeshi ya Mbelgiji Dhanis yalipouteka Aprili 1893. Uzeeni, Unguja, Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akayaweka katika herufi za Kilatini, yakachapwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Ni miongoni mwa tawasifu za kwanza katika lugha yetu, na humo Manyema inatajwa na mtu aliyeitembea. Nakisoma kitabu hicho kwa furaha, na furaha hiyo hainizuii kujua kwamba utulivu wa mzee aliyekiandika ulinunuliwa kwa pembe zilizosafiri juu ya mabega ya watu ambao kitabu hakiwataji kwa majina.

Dola ya Wabelgiji haikuibadili kanuni. Iligawa upya tu. Shule ziliachiwa wamisionari, na ruzuku ya serikali ikaenda huko, hasa kwa Wakatoliki. Shule rasmi za kilimwengu kwa ajili ya Waafrika zilianza mwaka 1954 tu. Katika mji wenye Waislamu wengi kama Kasongo, maana yake ilikuwa hii: mtoto wa chuo cha Kurani, aliyezijua herufi za Kiarabu, alikuwa na kusoma kusikofungua mlango wa ofisi yoyote. Saa zake zilihesabika kama saa za bure. Hata nani ahesabiwe kuwa anasoma ni jambo lililoamuliwa na mwenye nguvu.

Leo mwalimu wa Kasongo anayependa vitabu huamka alfajiri. Asubuhi ni ya darasa, lililozidi kujaa tangu elimu ya msingi ya serikali ilipofanywa bure mwaka 2019. Mchana ni wa shamba, au wa kutafuta hela ya kuziba pengo la mshahara. Jioni kuna rundo la madaftari ya kusahihisha. Baada ya hapo, kama betri ya paneli ya jua haijakata, anasoma: sura mbili za kitabu cha Kifaransa alichoazimwa, au faili kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, au riwaya ya Kiswahili iliyotoka upande wa pili wa Ziwa Tanganyika na kupita mikononi mwa watu wengi. Ukimwambia kwamba saa hiyo si yake atakucheka. Ameitoa katika usingizi wake!

Ni kweli, na usingizi ndiyo sarafu ya heshima zaidi ambayo msomaji maskini hulipa. Lakini tegeni sikio uani. Binti anatwanga sombe kinuni, na mpigo wa mchi unasikika mpaka ndani. Kaka yake ameketi hatua tatu kutoka kinuni, anasoma somo la kesho kwa sauti. Binti analishika somo kwa masikio, na kaka akikosea neno humsahihisha bila kuacha kutwanga. Hapo pana wasomaji watatu na taa moja, na mwenye deni dogo kuliko wote ndiye asiye na kitabu. Kabambare hali ni ngumu zaidi. Huko Salamabila, penye dhahabu, kila saa ya kijana ina bei inayojulikana, na saa ya kusoma huonekana wazi kuwa ni hasara.

Atakuja mtu aniambie kwamba nawatia wapenda vitabu majuto yasiyo na maana. Kusoma kukidaiwa faida, atasema, kunageuka kazi, na mapenzi hufa siku hiyo. Nakubaliana naye kabisa. Wako wasomaji ambao kila wanachosoma lazima wakigeuze hotuba, mradi au wasifu, na kuongea nao kunachosha. Kama deni la msomaji lingelipwa kwa manufaa ya alichosoma, basi riwaya ya mapenzi ingekuwa wizi na kitabu cha kilimo ndicho halali pekee. Lakini faida haijawahi kuwa jambo lililokopwa. Kilichokopwa ni muda, na deni la muda hulipwa kwa muda. Nikiliona hivyo, usomaji wangu unabaki huru: naweza kusoma upuuzi mtamu mpaka usiku wa manane, wala hakuna anayenidai nimsimulie. Ninachodaiwa ni mchi. Jumamosi nitwange mimi, na taa iende kwa aliyekuwa akitwanga.

Wadai wengine hawafikiki tena. Chuma na Susi wamekwisha lala, na wanawake wa Nyangwe mto umewachukua. Wao hawalipwi, ila yule aliyesimama leo mahali pao anaweza kulipwa, na huyo hayuko mbali. Mara nyingi yumo nyumbani mwa msomaji mwenyewe. Ndiyo maana sisadiki sana tunapolalamika kwamba watu wa kwetu hawapendi kusoma, kana kwamba mapenzi ndiyo yaliyopungua. Maktaba ikijengwa Kabambare kesho, na Mungu ajaalie, itawafaa wenye nafasi tu, mpaka aliyekwisha kusoma akubali kwenda kuteka maji.