Deni Lililochomwa Kanisani



Mtu akirithi shamba la baba yake, hurithi na madeni yake pia. Wanaodai huja mara matanga yanapokwisha, wala mrithi hawezi kuwajibu, "Mimi sikukopa." Nimeyakumbuka hayo kwa ajili ya Wayahudi wa mji wa York, huko Uingereza.

Mwanzoni mwa mwaka 1190 Mfalme Richard alikuwa akijiandaa kwa safari ya Vita vya Msalaba. Mimi nimefundisha historia miaka mingi, na vitabu vyetu vilimsifu sana kwa ushujaa. Habari za York hazikuwamo. Katika miji kadhaa watu walianza kusema, kwa nini twende mbali kupigana na adui za Kristo, na Wayahudi tunao hapa hapa? Waliowaongoza wenye ghasia wa York walikuwa waungwana waliokopa fedha kwa Wayahudi hao. Basi Wayahudi wapatao 150, waume kwa wake na watoto, wakakimbilia mnara wa mbao katika ngome ya mfalme, wakazingirwa.

Nje ya mnara alikuwako mtawa mwenye kanzu nyeupe. Kila asubuhi aliadhimisha Ushirika Mtakatifu, kisha akatoka kuwachochea watu waue. Hapo ndipo ninapoumia kuliko pote.

Ijumaa tarehe 16 Machi, Pasaka yao ikiwa karibu, waliona hakuna njia. Wengi wakajitoa uhai wao kwa wao usiku ule, kwa shauri la rabi wao, Yom Tov wa Joigny. Waliosalia waliahidiwa usalama wakikubali kubatizwa. Asubuhi walitoka, wakauawa. Ubatizo, ndugu zangu, ulifanywa mtego! Kisha wauaji wakaenda Kanisa Kuu la York, zilikotunzwa hati za madeni, wakazichoma moto sakafuni, ndani ya kanisa.

Aliyetuandikia habari hizi ni mtumishi wa Kanisa wa siku zile, William wa Newburgh. Wayahudi hakuwapenda, lakini uovu huu hakuuficha. Wakuu wa mji walitozwa faini. Baadaye Wayahudi wengine walikuja kukaa York, hata mwaka 1290 Mfalme Edward alipowafukuza wote katika Uingereza.

Basi, mji usiposaliwa na mtu wa ukoo wao, nani awakumbuke? Katika Yoshua sura ya 4, Waisraeli waliweka mawe kumi na mawili ili watoto waulize maana yake. York nako liliwekwa jiwe la kumbukumbu chini ya mnara mwaka 1978. Kilimani pale huchanua maua ya manjano majira ya mwezi Machi, kila ua petali sita, kama nyota ya Daudi yenye ncha sita. Na mwaka 2022, katika Kanisa Kuu la Oxford, Kanisa la Uingereza lilifanya ibada ya toba kwa ajili ya sheria za Sinodi ya Oxford ya mwaka 1222, iliyowalazimisha Wayahudi kuvaa alama.

Wako waliouliza: mwaka 1222 Kanisa la Uingereza lilikuwa halijajitenga na Roma, linatubu nini? Swali la haki. Lakini sisi hujivunia kwamba imani yetu ilipitia kwa Augustino aliyefika Canterbury mwaka 597. Tukimdai huyo kuwa babu yetu, hatuwezi kuiruka miaka iliyo katikati.

Tarehe 16 Machi huangukia ndani ya Kwaresima kila mwaka. Naomba siku hiyo, au Jumapili iliyo karibu nayo, tuwataje wafu wa York katika maombi yetu. Rabi Yom Tov tunalijua jina lake, na tunajua alitunga wimbo wa kumwomba Mungu msamaha. Wayahudi wangali wakiuimba katika masinagogi, usiku wa kuingia Siku ya Upatanisho.