Adabu za Msafiri kwa Viumbe vya Mwenyezi Mungu

Ahimidiwe Mwenyezi Mungu, Aliyeitandaza ardhi na kuijaza viumbe vya namna nyingi. Na rehema na amani zimfikie Mtume Wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ajue kila Muislamu ya kuwa kutembea katika nchi za Mungu kwa kutazama viumbe Vyake si upuuzi, mtu akiwa na nia njema. Qur'ani Tukufu, katika Suratul-Ankabut, imewaamrisha watu waende katika ardhi wapate kuangalia jinsi uumbaji ulivyoanza. Ibn Battuta alitoka kwao Tanja mwaka 1325 kwenda kuhiji, naye ni kijana wa miaka 21. Hata mwaka 1331 alikuwa amefika Mombasa na Kilwa. Wazee wa pwani nao walivuka bara kwa miguu, miezi mingi, hata Ujiji, wakaacha huko dini na lugha. Walakini haifai kufichwa ya kuwa katika misafara ile walikuwamo watumwa waliofungwa, na pembe za ndovu waliouawa. Basi safari ina kheri na ina shari, na hukumu yake ni katika athari anayoiacha msafiri nyuma yake.

Leo njia hiyo hiyo ya Ujiji mtu huweza kuipita kwa reli, iliyofika Kigoma mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Wengi hufunga mzigo mmoja mgongoni, wakaenda pasipo mwenyeji, kutazama Ziwa Tanganyika na sokwe mtu wa milimani. Gombe iko kaskazini ya Kigoma, na watu huiendea kwa boti kutoka Kibirizi. Huko ndiko alikofika Bibi Jane Goodall, Mwingereza, mwezi wa Julai 1960, akawaona sokwe wakichomeka majani ya nyasi katika vichuguu na kuvua mchwa. Gombe ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na Mahale, iliyoko kusini kando ya ziwa hilo hilo, mwaka 1985. Mwenye kuwatazama viumbe hawa huifahamu vyema Suratul-An'am, iliyowataja wanyama na ndege kuwa ni umma mfano wa wanadamu.

Na kwa kuwa maumbile yao yako karibu mno na ya wanadamu, maradhi ya wanadamu huwapata. Mwaka 1966 sokwe wa Gombe walipatwa na maradhi ya kupooza. Wengine walilemaa, wengine wakafa. Mwaka 2006 sokwe wa Mahale walishikwa na maradhi ya kifua, na kadha wa kadha wakafa. Mafua ambayo kwa mtu hutulizwa na chai ya tangawizi, kwao yaweza kuwa mauti. Kwa sababu hiyo imewekwa sharti ya kukaa mbali nao, na mwenye mafua asiwakaribie kabisa.

Na uchukuliwe mfano wa kijana wa pwani aliyeweka akiba mwaka mzima kwa ajili ya safari hii. Amekwenda siku nyingi, amelala juu ya viti vigumu, amefika Kibirizi, amevuka. Usiku wa kuamkia siku yake koo linamwasha, na alfajiri anakohoa. Mfukoni ana dawa ya kuzuia kikohozi kwa saa moja au mbili. Mwongozaji atauliza: "Yuko mgonjwa?" Akinyamaza, hapana atakayejua. Je, afanyeje?

Jawabu yake i wazi. Mtume (S.A.W.) amekataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke walipo ngamia wazima, na katika khabari ya tauni amekataza kuingia katika nchi iliyo nayo, na kutoka humo kwa kuikimbia. Na khabari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, aliyemfungia pasipo chakula hata akafa, ni mashuhuri. Ikiwa hiyo ndiyo jaza ya paka mmoja, itakuwaje kwa mtu anayewapelekea mauti jamaa nzima ya viumbe, naye hakuwa na haja nao ila kuwatazama? Kunyamaza kwake ni uwongo, na dawa ile mfukoni ni khiana.

Wako watakaosema: "Ajali ni ya Mungu, aliyeandikiwa kufa atakufa." Hii si hoja. Sayyidna Umar bin al-Khattab alikuwa njiani kwenda Sham, akapata khabari ya tauni, akarudi Madina. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu ya kuwa anaikimbia kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Huyu ni Khalifa, na safari yake ni ya mambo ya umma. Naye hakuona aibu kurudi. Basi mwenye safari ya kutazama ana udhuru gani?

Kijana yule na aseme kweli, abaki ufukoni. Ataliona ziwa, ambalo kina chake chapita mita 1,400, na usiku ataona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa juu ya maji kama nyota. Asidhani ya kuwa safari yake imepotea. Amali huhesabiwa kwa nia, na dua ya msafiri hairudishwi. Aliyefika mlangoni akajizuia kwa kumcha Mungu amekwisha kuona jambo kubwa kuliko sokwe: ameiona nafsi yake ikitii.

Mwenyezi Mungu awajaalie wasafiri wa Kiislamu kuwa rehema kila wanapokanyaga, awarudishe kwao salama, na awasalimishe na shari yao wale wanaowaacha nyuma. Amin.